Siku Tulipotazama Miguu Yetu Mtoni

Vijana wangu, nasikia mnataka kunirudisha mtoni, na safari hii mmepewa kipimo kipya, kile cha kubonyeza, kinachotoa namba kabla hujamaliza kupiga chafya. Hongereni. Nimekishika, nimekipenda, nimekirudisha kwenye kisanduku chake. Lakini kabla hamjakizoea, tafuteni kwanza shuka nyeupe kuukuu, fimbo ndefu ya kuchungia ng'ombe, na watu wasioona haya kulowa. Vitu hivyo vitatu vimenifundisha kazi kuliko chuo, na chuo kinisamehe.

Mimi ni Minza. Wengi wenu mnaniita Bibi Maji, na wapo wanaodhani ndilo jina nililobatizwa. Nimepima maji ya huku kwetu maisha yangu yote ya kazi, tangu Bariadi ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga mpaka ikawa makao makuu ya Simiyu. Nimechota kwenye visima, malambo, mito na ukingo wa ziwa, nikatia kwenye chupa, nikajaza karatasi, nikapeleka ofisini. Karatasi zile zilieleza maji yamechafuka kiasi gani, kwa namba zenye nukta. Siku moja sokoni nikapewa karanga zimefungwa kwenye mojawapo. Nilizila zile karanga huku nikisoma kazi yangu mwenyewe, nikajisemea: Minza, huyu muuza karanga ndiye mtu wa kwanza kuitumia ripoti yako.

Kwa hiyo nilipokaa kwenye semina moja Mwanza, mgeni akatuonyesha picha za watu wazima wa nchi za mbali, wameshikana mikono, wanaingia mtoni na viatu vyeupe huku wakitazama chini, wenzangu walicheka, mimi nikasogeza kiti mbele. Jambo lenyewe ni rahisi mpaka linaudhi. Unaingia majini polepole, macho kwenye miguu yako. Unakwenda mpaka pale ambapo huioni tena, unasimama. Kina cha maji hapo uliposimama ndicho kipimo chako. Kama miguu imepotelea kwenye ugoko, mto una tope. Kama maji yako mapajani na bado unahesabu vidole, mshukuru Mungu, uwashukuru na wanaokaa juu ya mto. Hapo nukta haina kazi. Mtu akishindwa kuuona mguu wake ndani ya maji anayompa mwanawe anywe, hasahau.

Tukaiita Siku ya Kutazama Miguu. Jina lilitungwa na akina mama, mimi nilikuwa na jina refu la kiofisi ambalo hakuna aliyelimaliza.

Ya kwanza tuliifanyia kwenye kijito kimoja upande wa Kiloleli, na nilikosea kabla sijalowa. Kwenye tangazo niliandika kila mtu avae viatu vyeupe. Nani kijijini ana viatu vyeupe vya kutia mtoni? Mwalimu mmoja alikuwa navyo, na alivivaa kanisani tu. Watu wakaja na walichonacho, yaani katambuga, zile ndala za tairi la gari, nyeusi tii. Tukaingia. Maji hayajafika hata nusu ya ugoko, wote wakapiga kelele, "Hatuoni!" Nikaandika kwa masikitiko kwamba kijito kimeharibika. Kesho yake nikarudi na sahani nyeupe ya bati niliyoifunga kamba, nikaizamisha palepale, ikaonekana vizuri mpaka chini. Kijito kilikuwa kizima. Mimi nilikuwa nimepima weusi wa tairi.

Baada ya aibu hiyo nikachana shuka nyeupe ya kitandani kwangu, nikapata vipande vya kufunga juu ya mguu, kila mtu viwili. Mume wangu aliitafuta shuka ile wiki nzima, mpaka alipoiona kwenye miguu ya diwani.

Weupe nao ukaja na maneno yake. Tulipofika Mwamanyili, bibi mmoja alitutazama tumejipanga ukingoni na vitambaa vyetu, akatikisa kichwa. "Mayu," akaniambia, yaani mama, "mnaingia na weupe mtoni bila kuuamkia? Mvua itakimbia." Kijana mmoja wa ofisini akaanza kumweleza habari za mawingu na mgandamizo wa hewa. Nikamkanyaga mguu. Nikamuuliza bibi tuuamkieje. Akashuka, akachota maji kwa kiganja, akasema, "Mwangaluka," kisha akatugeukia. Basi umati mzima, diwani ndani yake, ukauamkia mto. Hatujafika katikati, mvua ikaja, tena ile ya kuchapa mgongo. Kipimo cha siku ile kiliharibika, maana matone yakipiga juu ya maji huoni kitu, andikeni hilo. Lakini tangu hapo kila wakipanda pamba wananitumia salamu niende nikatembeetembee mtoni, na najua kabisa hawaniitii kipimo.

Sasa tegeni masikio, nawapa yale ambayo hayamo kwenye kitabu cha kile kisanduku. Mkiingia mtoni, tembeeni mkielekea maji yanakotoka. Mguu unatimua tope, na ukitembea kufuata mkondo, tope lako mwenyewe linakupita na kukutangulia, halafu unaulaumu mto. Lipeni jua mgongo, lisiwamulike usoni. Vueni miwani ya jua, najua inawapendeza. Simameni mpaka maji yatulie ndipo mseme huoni. Na kina kipimeni kwa fimbo iliyochongwa alama, msipime kwa maungo ya mtu. Zamani tulikuwa tunaandika "goti la fulani," "paja la fulani," mpaka tukagundua kwamba mto mmoja ulikuwa safi mwaka huu kuliko mwaka jana kwa sababu tu mwaka jana tulimtumia mwalimu mfupi.

Kulikuwa pia na bwana mmoja aliyekuja na suruali ya jinzi. Siku hizo tulikuwa tunamtoa mtu majini kisha tunapima alama ya kulowa kwenye nguo. Alitoka ameshalowa chini ya goti. Tukamtafuta mwenye futi, mwenye futi alikuwa anazungumza na binti mmoja, alipokuja hatimaye alama ya kulowa ilikuwa imepanda hadi karibu na mfuko. Jinzi inanyonya maji kama utambi wa kibatari. Niliposema mto wetu una maji maangavu kufikia kiuno, akina mama wanaochota hapo kila siku walinitazama kwa huruma. Fimbo, vijana wangu. Fimbo hainyonyi maji.

Na msiwe mashujaa. Maji yaliyotuama yana konokono, na konokono wana kichocho. Tafuteni mahali maji yanapokimbia, msikae ndani mkipiga soga, mkitoka jikausheni palepale kwa taulo, na wauguzi wakija na vidonge msijifiche chooni. Kuhusu mamba na viboko, waulizeni wenyeji, na wakisema "hawapo sana," msiingie.

Lamadi nako tulifanya. Tulichagua mahali karibu na barabara kuu ili watu waone, na waliona. Basi lililokuwa linatoka Mwanza likasimama, abiria wakashuka, wakatukuta tumeshikana mikono, vitambaa vyeupe miguuni, tunaingia majini taratibu. Wakadhani ni ubatizo. Mama mmoja akaanzisha wimbo, mwingine akavua viatu, akaja mbio akilia kwamba amechoka na dhambi. Hatukuwa na moyo wa kumkatalia, tukampa vitambaa viwili. Alitoka pale anajua maji ya Lamadi yana uangavu wa kufikia juu kidogo ya ugoko, na mengine ni kati yake na Mungu wake.

Nimecheka mno, najua. Nina habari moja nimeizungukazunguka, na ndiyo hasa iliyonifanya nikubali kuwaandikia.

Nilipoingia kazini nilipokewa na Mzee Jilala, mtu mwembamba aliyeongea kidogo na kutembea sana. Yeye hakuwa na chuo, alikuwa na miguu. Tukifika mahali alichuchumaa, akachukua udongo, akaufinya, akaunusa, ndipo akaamkia watu. Wenye mji walishazoea. Neno lake lilikuwa hili: udongo wetu huu mweusi wa mbuga una nyuso mbili, wa kiangazi na wa masika, na usiuozeshe binti yako mpaka umeziona zote.

Mwaka wangu wa mwanzo, kijiji kimoja kati ya Mwamanyili na ziwa kiliomba tukionyeshe mahali pa kuteremshia ng'ombe mtoni, maana walikuwa wanashukia popote na kingo zinabomoka. Jina la kijiji naliacha, wenyewe watajijua. Mzee Jilala alikuwa anaumwa, nikatumwa mimi. Ilikuwa Agosti. Mto ulikuwa vidimbwi tu, udongo umekauka mgumu kama tofali. Nikapata mteremko mzuri mno, mpana, wa taratibu, juu kidogo ya kona ya mto. Chini ya kona, mwendo wa dakika chache, kulikuwa na pa kuchotea maji ya kunywa, lakini nikajiambia maji yatakuwa yameshajisafisha yakifika huko. Nikapigilia vigingi. Wenyeji walifurahi hata wakapaita Kwa Minza.

Nilipomsimulia Mzee Jilala, alitazama mikono yangu, akaona haina udongo. "Rudi Machi," akasema. "Kapaone pakiwa na maji."

Machi sikurudi. Kulikuwa na kazi nyingine, na njia ilikuwa mbaya, na kusema kweli nilipenda vile palivyo kichwani mwangu. Ukiwa na umri ule, mahali pakipewa jina lako, hutaki kwenda kupakagua. Mzee Jilala akastaafu, akafariki, Mungu amrehemu. Mimi nikaendelea kuwasimulia wageni wa ofisini kwamba kuna mteremko unaitwa kwa jina langu.

Miaka ikaenda. Nikastaafu nami, nikabaki na Siku zangu za Kutazama Miguu. Asubuhi moja akaja nyumbani kwangu mwanamke wa kijiji kilekile, Kabula, anayeuza nyanya na vitunguu Lamadi. Tukaamkiana, akakaa, chai hakuigusa.

"Mayu, wanataka kung'oa bustani yetu," akasema.

Mumewe, Sayi, alikuwa analima mboga kando ya mto, kati ya ile kona na pa kuchotea. Alikuwa ametoka Meatu, na badala ya kumchukua mke kwenda kwao, yeye ndiye aliyehamia ukweni. Ninyi mnajua kwetu jambo hilo linasemwaje. Walimwita bwana harusi aliyeolewa, wakacheka, naye akacheka nao, akalima. Ng'ombe hakuwa nao. Bustani ile ndiyo iliyokuwa ng'ombe wake, shamba lake na heshima yake. Sasa maji ya kuchota yalikuwa yamechafuka hata baada ya mvua kwisha, wakati mito mingine imeshatulia, na mkutano wa kijiji ukaona jembe la Sayi ndilo linalotimua tope. Mwenyekiti wao, Nkwabi, si mtu mbaya. Akina mama walikuwa wanamlilia kila siku, naye alihitaji jibu. Wakakubaliana niitwe nipime, ili Sayi asipate la kubisha, kisha bustani ing'olewe.

"Wewe unaonaje?" nikamuuliza Kabula. "Ni bustani?"

"Mimi najua kupika nyanya na kuziuza, mayu. Mto unaujua wewe."

Nikamwambia asubiri, siku yenyewe ilikuwa wiki mbili mbele. Nikamwambia mto utasema.

Siku ilipofika watu walikuwa wengi, maana safari hii kulikuwa na mshitakiwa. Walimu walikuja, wachungaji wa ng'ombe walikuja, na harufu ya dagaa wa kukaanga ilikuwa inatoka shuleni ambako chakula kilikuwa kinaandaliwa. Sayi alisimama nyuma ya wote, mikono kifuani. Nikagawa vitambaa. Tukashikana mikono, tukauamkia mto, maana sasa ndiyo desturi yetu, tukaingia pale pa kuchotea.

Hatua sita, miguu ikapotea. Fimbo ikasema alama ya pili kutoka chini, hata nusu ya ugoko haijafika. Akina mama wakasonya. Hayo ndiyo maji ya ugali wao.

"Mmeona?" Nkwabi akasema kutoka ukingoni. Yeye hakulowa, alikuwa amevaa suti. "Na juu yake kuna nini? Kuna bustani. Basi, jambo limekwisha."

"Halijaisha, mwenyekiti," nikasema. "Tuingie na juu ya bustani."

Tukazunguka kwa nchi kavu, tukaingia juu ya matuta ya Sayi, pale ambapo jembe lake halijafika. Tukatembea, tukasimama, tukasubiri maji yatulie. Alama ya pili. Ileile. Kama bustani ingekuwa na hatia, huku juu maji yangekuwa safi. Mnung'uniko ukapita kwenye mstari, mama mmoja akasema kwa sauti, "Sasa huyu bwana tunamwonea nini?"

Nkwabi akajifuta jasho. "Basi labda ni mvua," akasema. "Lakini mkutano umeshakaa na umeshaamua. Mkutano hauwezi kukaa bure. Bustani ipishe mto, halafu tutaona. Karibuni chakula."

Vijana wangu, nataka mjue nilivyojisikia pale, kwa sababu siku moja mtasimama hapo. Nilikuwa najua kilicho juu. Juu kulikuwa na kona, na baada ya kona kulikuwa Kwa Minza. Nilikuwa nimeshastaafu kwa sifa. Magoti yalikuwa yananiuma. Nikatazama jua, nikajiambia limekuwa kali. Nikanusa dagaa, nikajiambia watu wana njaa. Ningeweza kabisa kusema kipimo kimeishia hapo, kila mtu angenishukuru, na Sayi angekwenda kung'oa nyanya zake kwa sababu mkutano haukai bure. Kabula alikuwa kwenye mstari, mtu wa tatu kutoka kwangu. Alikuwa anatazama miguu yake asiyoweza kuiona.

"Tunaendelea juu," nikasema.

"Juu kuna nini, mayu?" Nkwabi akauliza.

"Twende tukaone."

Tukapita kona. Chini tu ya mteremko wa ng'ombe tukaingia, na hapo hatukuhitaji fimbo. Miguu ilipotea kwenye kifundo. Hatukubaki sana. Tukapanda nchi kavu, tukaupita ule mteremko, na ndipo nilipouona uso wake wa pili, kwa mara ya kwanza tangu nilipopigilia vigingi. Mteremko wangu mzuri wa taratibu ulikuwa korongo la kumficha fahali. Kwato za miaka yote hiyo zilikuwa zimeula ule udongo mweusi, na pembeni mwa maji ulikuwa umelainika kama uji, unaingia mtoni kidogo kidogo, bila kelele, mchana kutwa.

Tukaingia juu yake. Hatua sita. Hatua kumi. Maji yakapita magoti, yakapanda mapajani, mstari mzima ukaanza kucheka kwa mshangao.

"Naona vidole!" Kabula akapiga kelele. "Naona hadi kucha! Kitambaa changu kina doa la chai, nalo naliona!"

Kisha kicheko kikazimika, maana watu wameanza kufikiri. Wakageuka wote kutazama korongo. Mzee Maduhu, aliyeteremsha ng'ombe zake hapo tangu vigingi vikiwa vipya, akaegemea fimbo yake.

"Hapa panaitwa Kwa Minza," akasema taratibu.

"Minza ndiye nani?" akauliza msichana mmoja, maana wenzake wote walinijua kwa jina la Bibi Maji.

"Ni mimi," nikasema. Nikageuka waniione wote, nikarudia. "Ni mimi. Hapa nilipachagua mimi, nikiwa kijana mgeni kazini. Nilipachagua Agosti. Nikaambiwa nirudi Machi nipaone, sikurudi. Tope mnalokunywa si la Sayi. Ni la kwangu."

Ndipo Mzee Maduhu akakohoa.

"Sasa, mayu, kuna shida," akasema. "Kijiji kimekubaliana kwamba anayechafua mto ang'olewe. Kwako tutang'oa nini? Meno yenyewe naona yamebaki machache."

Walicheka mpaka wengine wakaanguka majini na vitambaa vyao, nami nikacheka nao, na machozi yalikuwa yananitoka, sijui ya nini hasa. Palepale, tukiwa bado tumelowa, wakanihukumu. Nilipigwa faini kama kijiji kinavyompiga faini aliyekosa: watu wakija kuchimba njia mpya ya ng'ombe, mimi ndiye niwapikie matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maharage mpaka kazi iishe. Njia hiyo tuliichagua pamoja na wachungaji, chini kabisa ya pa kuchotea, kwenye mwamba, na Mzee Maduhu akasema mara hii haendi mtu kupigilia kigingi mpaka Machi ipite. Tulisubiri Machi. Nilipika siku nyingi sana. Nkwabi naye, namsifu kwa hili, alipanda juu ya kichuguu na suti yake, akatangaza kwamba bustani haiguswi na kwamba mkutano ulikosea. Ni mara chache mtasikia maneno hayo.

Watu wakaanza kuteremka kwenda kula. Mimi nikamtafuta Sayi, maana kijiji nilikuwa nimekiomba radhi lakini yeye bado. Nilimkuta amesimama pembeni mwa bustani yake. Kabla sijafungua mdomo nikayaona matuta ya upande wa mto, ambayo hatukuyaona tulipozunguka kwa nchi kavu. Sita yalikuwa matupu. Miche ya nyanya ilikuwa imelundikwa ukingoni, mizizi juu, matunda mabichi bado yameshikilia, majani yameshanyauka kwa jua.

Hasira zikanipanda. "Nani amefanya hivi kabla ya kipimo?"

"Mimi, mayu," akasema. "Leo asubuhi, kabla hamjafika." Alikuwa anaongea kwa heshima, macho chini. "Kila mtu alisema ni mimi. Hata mke wangu hakuwa na uhakika. Nikaona labda kweli ni mimi."

Nikamwomba radhi. Akaitikia. Akaniambia, "Wabeja, mayu, kwa kutopenda chakula ukatupandisha juu," na shukrani ile iliniuma kuliko tusi. Kwa sababu Kabula alikuja kwangu wiki mbili kabla. Siku ileile ningeweza kuchukua fimbo nikapanda hadi kwenye kona. Sikuwa mgonjwa, wala njia haikuwa na matope. Nilimwambia asubiri mto useme, na ndani ya moyo wangu nilishajua utasema nini.

Basi nawaomba hili moja, ninyi mnaochukua fimbo na kisanduku. Siku mtakapoona jibu linaelekea mlangoni kwenu, msitazame jua wala msinuse dagaa. Kazeni mwendo, maana kuna mtu huko chini anang'oa nyanya zake.